Punda, Kirikuu au Guta: Ununue Kipi kwa Mizigo ya Mtaani?

Muuza maji au mwenye duka wa Chanika, Msongola na maeneo kama hayo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako ukiiacha barabara kuu unakanyaga mchanga, ajiulize kwanza: mzigo wake unaishia mtaa wa pili, au unatoka soko la Kariakoo, katikati ya jiji? Mpangilio huu wa punda, Kirikuu (pikapu ndogo) na guta (chombo cha mizigo cha magurudumu matatu) unawahusu wanaosambaza bidhaa mtaani.

Nafasi ya kwanza nampa punda na mkokoteni wake. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei za mafuta, yeye huendelea kutafuna nyasi, na akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 25 hadi 30. Unapomkagua, mfungue mdomo utazame meno ya mbele, kwa sababu umri wake hukadiriwa kwa jinsi yalivyolika, wala hakuna fundi awezaye kuyarudisha nyuma kama zirudishwavyo kilomita za gari lililotumika. Inua kila mguu pia. Kwato iliyopasuka inatosha kushusha bei. Breki zake zina akili: akikuta dimbwi asilolijua kina chake husimama, busara ambayo madereva wengi wanaopita bonde la Jangwani, lenye mafuriko wakati wa masika, hawajaifikia.

Kasoro zake zisifichwe. Manyoya yake hayazuii mvua vizuri, hivyo anahitaji banda lenye paa. Mgongoni asibebeshwe zaidi ya kilo 50 hivi, yaani madumu mawili ya lita 20, na anayeshikilia kwamba punda afe, mzigo ufike, ajiandae kununua mwingine mapema. Honi yake haina swichi, hasa alfajiri. Tena akifugwa peke yake hunyong'onyea, kwa hiyo bajeti iwe ya punda wawili. Sijasikia Kirikuu iliyodai mwenzake.

Kirikuu ni ya pili. Injini yake ya sisi 660 na uwezo wa kilo 350, sawa na madumu 16 yaliyojaa, vinafaa kwa safari za Kariakoo, na hurudi rivasi bila kubembelezwa. Kagua kutu chini ya bodi, kisha linganisha namba ya chasisi na kadi ya gari kabla ya kulipa.

Guta la injini ni la tatu. Kwenye mchanga mzito gurudumu la mbele huzama na dereva hushuka kulisukuma, kwa hiyo linamfaa tu mwenye wateja wanaofikika kwa lami.