Sony A7 III ya mtumba: kwa picha nunua, kwa video pita

Nianze na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama kazi yako kubwa ni picha za mnato, Sony A7 III iliyotumika bado ni kamera ya kununua, na hela inayobaki ipeleke kwenye lenzi. Kama unakula kwa video, hii pita tu, jipange uchukue A7 IV au iliyo mpya zaidi, sababu ziko huko chini.

Hii kitu ilitangazwa Februari 2018, kwa hiyo ukiwasikiliza wanaofungua maboksi kila wiki kule YouTube ni mzee wa kustaafu. A7 IV ikafuata Oktoba 2021 na baada yake zimeendelea kutoka nyingine, ndo biashara yao. Mi nilipata bahati ya kuzishika zote mbili siku moja, IV ya rafiki yangu na III ya mtu aliyekuwa anauza, tukapiga vitu vilevile kwa lenzi ileile, afu nikakaa kwenye kompyuta kutafuta tofauti. III inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, megapikseli 24. IV inatoa 7008 kwa 4672, megapikseli 33. Ukisikia 24 na 33 unaona pengo, ila kwa upana IV inazidi kama asilimia 17 tu, basi. Ukivuta picha ukaikata libaki jicho na nyusi, sawa, unaona kope za IV zimechongoka zaidi. Ukiiacha nzima huoni kitu, mteja ndo kabisa. Hata kwenye kuchapa, pikseli 6000 kwa nukta 300 kwa inchi ni upana wa inchi 20, hiyo tayari ni picha ya kutundika ukutani, na mitandao yenyewe inabana picha hadi zote zinafanana.

Sasa tuje kwenye hela. Tofauti ya bei kati ya III iliyotumika na IV mpya ndo iliyonipatia Tamron 28-75mm f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga mwingi zaidi), ile toleo la kwanza la 2018, na sehemu kubwa ya Sony FE 85mm f/1.8, zote mtumba. Na hapa ndo huwa natofautiana na wanaosema "nunua mpya ikudumu". Lenzi ya boksini ya hizi kamera ni 28-70mm ambayo ukivuta mwisho inafungua f/5.6 tu. Tamron palepale inafungua f/2.8. Hizo ni stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), yaani mwanga mara nne, maana yake ukumbi uliokuwa unakulazimisha ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga, ikipanda picha inapata chenga, yaani punje punje) sasa unapiga ISO 1600 kwa spidi ileile ya shata. Hiyo 85 ikiwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Hamna bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) itakayokupa hiyo kitu, hata wakitoa kesho. Mpe mtu IV na lenzi ya boksini, mwingine mpe III na 85, waweke ukumbini taa zimezimwa nusu bi harusi anaingia, utaona nani anatoka na chenga na nani anatoka na picha. Na sehemu ya kufungia lenzi ni ileile E-mount ambayo Sony wanaitumia tangu 2010, kwa hiyo siku ukibadilisha bodi lenzi unahama nazo.

Kwenye giza yenyewe III haina aibu. Kuna kitu wengi wanaoitumia hawakijui: sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ina ngazi mbili za kukuza mwanga na ya pili inaanzia ISO 640, kwa hiyo ukijikuta ISO 500 panda tu hadi 640, chenga kwenye vivuli zinapungua badala ya kuongezeka. Ukishajua hilo unaacha kuiogopa.

Fokasi ndo sehemu ambayo IV imeizidi kweli, tusidanganyane. IV ikishamshika mtu inamng'ang'ania hata akigeuka, na ina fokasi ya macho ya ndege, III ndege haiwajui kabisa. Lakini III nayo siyo ile iliyotoka 2018, maana Aprili 2019 ilipewa programu toleo la 3.0 iliyoleta fokasi ya macho ya kubonyeza shata nusu tu (zamani ilibidi uwe na kitufe chake pembeni) pamoja na macho ya wanyama. Ni bure. Ukikuta inayouzwa bado ina programu ya zamani usiikatae, kaipandishe mwenyewe, na ujue tu kwamba mwenyewe wa kwanza hakuwa mtu wa kuifuatilia.

Betri nayo kuna jambo la kuchekesha. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera wa Japani, III inapiga picha 710 kwa chaji moja ukitumia kioo cha nyuma, IV inapiga 580, na betri ni ileile NP-FZ100. Yaani mpya inakula zaidi. Ila siyo kila ya zamani inadumu na chaji, kwa hiyo mtu akiniuliza kama arudi nyuma zaidi achukue A7 II kwa kuwa bei yake ni rahisi zaidi, namwambia hapana, ishia kwenye III. A7 II inatumia betri ndogo ya NP-FW50 inayokwama kwenye 350 hivi, ina tundu moja tu la kadi na haina joistiki ya kusogezea fokasi. Tundu moja la kadi kwa kazi ya mtu aliyekulipa, mi silali.

Mabaya yake ni haya. Menyu ni ndefu na ya kizamani, unatafuta kitu kimoja unapitia kurasa kibao, ingawa ukishajaza ile ukurasa wa Menyu Yangu huko kwingine hurudi tena. Kioo unaweza kukigusa kuchagua fokasi tu, menyu haiguswi, na kinainama juu na chini lakini hakizunguki kukutazama. Chenyewe kina nukta 922,000 na kidirisha cha kuchungulia kina milioni 2.36, kwa hiyo picha inaonekana ya kawaida sana pale nyuma halafu ukifika nyumbani unashangaa ilivyo nzuri, afadhali hivyo kuliko kinyume chake. Matundu ya kadi ni mawili ila lenye kasi, la UHS-II (aina ya kadi zinazoandika haraka), ni moja tu, ukiandika kote kwa pamoja basi mwendo unakuwa wa lile la polepole.

Video sasa. Inarekodi biti 8 (biti zikiwa chache, hatua za rangi ni chache), 4K mwisho fremu 30, na ukiwa kwenye 30 picha inakatwa kidogo pembeni, na ikifika karibu dakika 30 inajizima yenyewe, hotuba ya mgeni rasmi haijaisha. Fokasi ya macho kwenye video hamna, kuna ya uso. Biti 8 siyo shida kama unarekodi rangi za kawaida unatoa, shida ni ukirekodi S-Log (video iliyofifishwa makusudi ili urekebishe rangi baadaye) afu uanze kuvuta rangi, mbingu inakatika mistari mistari na ngozi inaanza kubadilika palepale kwenye shavu. IV inakupa biti 10, 4:2:2 (inahifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi), na 4K ya fremu 60 ingawa inakata sensa. Kwa mtu wa video hiyo siyo anasa, ni kazi. Ndo maana nasema pita.

Haya, umeamua kununua. Hapa ndo pa kuwa mkali, maana kamera iliyotumika haikosei kwa nje, inakosea kwa ndani. Bodi ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa inang'aa, boksi lipo, mkanda haujafunguliwa. Nikaweka lenzi, nikabana f/16, nikapiga ukuta mweupe, nikavuta picha kwenye kioo nikaanza kutembea kona moja hadi nyingine. Upande wa juu kulia kuna kamstari kembamba ka zambarau. Nikapiga tena, kapo. Muuzaji akasema hiyo ni lenzi, tukabadilisha lenzi, kamstari hakajahama hata kidogo. Hiyo ni taa ya leza ya kwenye shoo imechoma sensa. Vumbi linaonekana kama madoa meusi yenye ukungu na linasafishika, ya leza haisafishiki, dawa yake ni kubadilisha sensa nzima, na hapo bei ya mtumba haina maana tena. Nikamshukuru nikaondoka. Kwa hiyo jaribio la ukuta mweupe usiliruke hata kama muuzaji ni shemeji yako, na lirudie lenzi ikiwa imefunikwa, ISO ya juu, utazame kama kuna vidoti vya rangi visivyohama.

Idadi ya shata haipo kwenye menyu ya Sony. Mwombe akutumie JPEG iliyotoka kwenye kadi moja kwa moja, kwa imeili au kwa waya, asiitume kama picha ya WhatsApp kwa sababu WhatsApp inafuta taarifa za ndani, afu isome kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa hizo za ndani ya picha. Shata ya III ilipimwa hadi mara 200,000, kwa hiyo yenye 40,000 bado kijana, ila usilewe namba, kamera iliyokuwa inarekodi video kutwa nzima inaweza kuwa na idadi ndogo na bado imechoka.

Stabilaiza, ile inayotuliza mtikisiko wa mkono, ijaribu kwa spidi ya chini, kama 1/10 ukiwa na lenzi ya 50, ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, picha zisipotofautiana kuna neno. Weka kadi matundu yote mawili. Sukuma joistiki pande zote. Chungulia kile kidirisha uone kama kina doa, maana ukiacha kamera juani kidirisha kikitazama juu jua linakichoma. Chomeka chaja ya USB-C uone taa inawaka. Weka fleshi juu, piga, isipowaka siyo bahati mbaya. Namba ya chini ya bodi ilingane na ya boksi, isipolingana uliza, jibu likiwa refu sana ondoka. Betri itazame vizuri, za bandia ni nyingi na zinavimba zikakwama ndani.

Raba iliyoanza kubanduka, mikwaruzo chini kwenye tundu la stendi, kimpira cha jicho kimepotea, hivyo vyote siyo sababu ya kuikataa, ni sababu ya kushusha bei. Yangu ilikuja bila kimpira cha jicho na mikwaruzo ya kutosha, muuzaji mwenyewe akaitaja kabla sijaiona, akaniachia nipige hadi betri ikashuka nusu huku yeye anakunywa chai yake. Nimeagiza kimpira kipya na betri ya pili halisi, mikwaruzo nimeiacha.