Wikendi ya mvinyo Hemel-en-Aarde: lala siku mbili, panda bonde kutoka chini

Hemel-en-Aarde ni bonde lililo nyuma ya mji wa Hermanus, Afrika Kusini, kilomita 120 hivi kutoka Cape Town. Wageni wengi hulitembelea na kurudi siku hiyohiyo. Saa tatu zinaishia barabarani, mchana unaishia kwenye foleni ya chakula, na kinachobaki ni shamba moja la mvinyo lililoonjwa kwa haraka. Fika Ijumaa jioni, ondoka Jumapili mchana.

Sababu ya kwenda huko ni baridi. Upepo wa bahari unaingia kutoka Walker Bay na kupanda bonde, zabibu zinaiva polepole, na uchachu wake haupotei kabla harufu haijakomaa. Ndiyo maana aina mbili zinazotawala hapa ni Pinot Noir (nyekundu) na Chardonnay (nyeupe), ambazo kwenye joto kali hugeuka kuwa nzito na tamu bila uhai. Aliyezoea mvinyo wa Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ataiona tofauti hiyo kwenye mkupuo wa kwanza. Hapa mavuno ni mamoja tu, na kwa Pinot kazi kubwa huwa kati ya mwisho wa Januari na Februari.

Tim Hamilton Russell alinunua shamba lake hapa mwaka 1975, akitafuta mahali penye baridi. Peter Finlayson, mtengenezaji mvinyo wake wa kwanza, baadaye alianzisha Bouchard Finlayson jirani tu, pamoja na Paul Bouchard wa Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa. Mashamba hayo mawili ndiyo mlango wa bonde, na ndiyo pa kuanzia Jumamosi asubuhi.

Mpangilio una maana kwa sababu bonde limegawanywa kisheria katika kata tatu za mvinyo, na barabara ya R320 inazipitia moja baada ya nyingine. Ya chini, Hemel-en-Aarde Valley, ina udongo mwingi wa mfinyanzi. Pinot yake ina ukakasi wa kutosha na huvumilia kukaa miaka kadhaa. Inafuata Upper Hemel-en-Aarde Valley, ambako udongo una matale yaliyooza, yaani mawe ya graniti. Huko mvinyo huwa laini zaidi na harufu hutangulia ladha. Shamba la Newton Johnson ni mfano mzuri. Juu kabisa ni Hemel-en-Aarde Ridge, mbali zaidi na bahari, usiku wake una baridi kali zaidi, na mvinyo wake una uchachu mkali na ladha ya cheri mbichi. Ukionja Pinot ya kila kata, za mwaka mmoja wa mavuno, utaielewa ardhi hiyo vizuri kuliko ukionja chupa kumi ovyo.

Mashamba matatu kwa siku yanatosha. Hesabu yenyewe ni hii: mionjo mitano ya mililita 30 kila mmoja ni mililita 150, na mara tatu ni 450, yaani zaidi ya nusu chupa. Kiwango cha kileo kwa dereva Afrika Kusini ni chini ya gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, kwa hiyo anayeonja asishike usukani. Hermanus kuna magari ya kukodi yenye dereva yanayozunguka bondeni. Agiza mapema, maana wikendi hujaa. Asiyetaka gari hilo atumie chombo cha kutemea kilichopo mezani. Hakuna anayekushangaa, watengenezaji wenyewe hutema siku nzima.

Chakula cha mchana kiwe kwenye shamba la Creation, kule Ridge, ambako kila sahani hupangwa na mvinyo wake. Ni mlo wa taratibu, si wa kupita. Tenga saa mbili, na uweke nafasi kabla ya kusafiri. Kasoro yake ni kwamba baada ya mlo huo ulimi umechoka, na shamba lolote litakalofuata litaonewa. Maliza kuonja kwanza, kisha ukae mezani.

Udhaifu mkubwa wa eneo hili kwa mgeni wa wikendi ni saa za kufungua. Baadhi ya mashamba hufunga Jumamosi mchana na hayafunguki Jumapili. Piga simu Alhamisi. Mashamba yanayofunga mapema yawe ya kwanza, na Jumapili iachie njia ya miguu ya Hermanus, inayofuata miamba ya pwani kwa kilomita 12 hivi. Kati ya Juni na Novemba nyangumi huja karibu sana na ufuko, kiasi kwamba huhitaji mashua. Miezi hiyo ndiyo bora, lakini sehemu yake ya mwanzo ni majira ya mvua, na vyumba hupanda bei nyangumi wanapokuwa wengi. Sweta ni lazima hata Desemba, kwani jioni upepo hauna huruma.

Kwa njia, N2 kupitia Sir Lowry's Pass kisha R43 ni takriban saa moja na nusu. Kurudi, pita R44 ya pwani na usimame Stony Point, Betty's Bay, kuona pengwini. Ni ndefu, ila inalipa.

Pinot ya hapa ni ghali. Mzabibu wake hutoa kidogo, ngozi ya tunda ni nyembamba na huoza mvua ikinyesha wakati wa mavuno, na mapipa ni ya mwaloni wa Ufaransa. Chardonnay mara nyingi hukupa thamani zaidi kwa pesa uliyotoa. Anayerudi Afrika Mashariki akumbuke kwamba forodha ya Jumuiya inaruhusu lita mbili za mvinyo bila ushuru, zinazotosha chupa mbili za mililita 750. Zifunge kwa nguo nene katikati ya sanduku linalokwenda chini ya ndege, na zikifika nyumbani ziache zitulie wiki moja au mbili kabla ya kufungua. Pinot inywewe kwenye nyuzi 14 hadi 16. Kwa joto la Mombasa au Dar hiyo ni kama saa moja na nusu hadi mbili za friji.