Miezi saba nikisubiri toleo jipya: uzoefu wangu na programu ya kupangia picha

Napiga picha za harusi Dar es Salaam, na tangu 2016 kazi zangu zote zimepitia programu moja ya kupanga na kuhariri picha. Jina lake naliacha, maana wenzangu wengi wanalia na jambo hilohilo kwenye programu tofauti.

Nianze na sifa yake. Mwaka juzi alinipigia mteja wa 2017. Baba yake amefariki, familia inatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, na kwenye albamu mzee yumo ila nusu ya uso imefichwa na bega la mtu. Niliandika jina la harusi na neno "baba", zikaja picha 14. Katika moja mzee amesimama peke yake mlangoni mwa ukumbi, kofia mkononi, anacheka. Haikuingia kwenye albamu kwa sababu pembeni kuna kijana amebeba kreti ya soda. Nikaikata kreti, nikamtumia. Dakika 10 hazikufika.

Watu hudhani programu ya aina hii inatunza picha. Picha ziko kwenye diski. Kinachokaa kwenye katalogi, yaani daftari la ndani la programu, ni uamuzi wangu: nyota, majina, maneno ya kutafutia, kila nilipoongeza mwanga au kupunguza njano ya taa. Harusi moja naondoka na picha karibu 2,800, mteja anapata 400. Usiku wote wa kuchambua umo humo.

Mwezi wa tatu nilinunua kamera mpya. Harusi ya kwanza nilirudi saa nane usiku, nikachomeka kadi, na badala ya picha nikaona vijisanduku vya kijivu, kila kimoja na alama ya mshangao. Moyo ulinienda mbio, nikajua kadi imekufa. Nikairudisha kwenye kamera: bibi harusi yupo, keki ipo, kila kitu kipo. Programu ndiyo ilikuwa haiitambui RAW ya kamera ile.

RAW ni data ghafi ya kihisio, na kila modeli ina namna yake ya kuiandika, hata kama herufi za mwisho wa jina la faili zinafanana. Kwa hiyo kila kamera mpya inapotoka, watengenezaji wa programu lazima waifundishe kuisoma. Wiki kadhaa naelewa. Mimi nilisubiri miezi 7. Niliandika mara mbili huduma kwa wateja, nikajibiwa maneno yaleyale, neno kwa neno: tunalifanyia kazi. Katikati ya kusubiri huko ada ya mwaka ya leseni ikakatwa kama kawaida.

Kilichoniokoa ni kigeuzi cha bure cha Adobe kinachobadilisha RAW kuwa DNG, muundo ambao maelezo yake yako wazi kwa yeyote tangu 2004. Lakini kugeuza harusi nzima laptopu yangu ilikesha, na diski zikajaa maradufu kwa sababu siwezi kufuta faili za asili. Huku nyuma mama mzaa chema anapiga: "Mwanangu, picha vipi? Wifi zake wananiuliza mimi." Nitamweleza nini kuhusu RAW? Yeye anachojua ni kwamba mpiga picha amechelewa, na jina linaloharibika ni langu.

Kinachoniuma zaidi ni ule ukimya. Tulio kazini muda mrefu tunaikumbuka Aperture, programu ya Apple ya kazi hiihii. Toleo la 3 lilikuja Februari 2010, baadaye yakafuata masasisho madogo tu, hadi Juni 2014 ikatangazwa kwamba haitaendelezwa tena. Ukishaona programu nyingine ikipita hivyo, kila mwezi usio na taarifa unakunyima usingizi.

Toleo jipya lilifika mwezi wa kumi. Kamera sasa inasomwa. Ngozi nyeusi chini ya taa za ukumbi bado inatoka na wekundu usiokuwepo, narekebisha kwa mkono. Utafutaji nao unakwama katalogi ikiwa kubwa. Naipa nyota 2 kati ya 5, zote mbili kwa ajili ya yule mzee.

Kama unatumia programu yoyote ya namna hii, leo ingia kwenye mipangilio uiamuru iandike faili ndogo za maandishi ziitwazo XMP pembeni ya picha. Kwangu ilikuwa imezimwa miaka yote. Nyota na maneno ya kutafutia vitasomeka kwingine. Marekebisho ya rangi na ukataji kwa kawaida hayahami, kwa hiyo picha zilizokamilika zitoe pia kwa JPEG za ukubwa kamili.

Mimi nimeanza kuhamia darktable, programu nyingine ya picha ambayo ni ya bure na hutoa matoleo mawili kwa mwaka, Juni na Desemba. Kuijifunza ni kazi kwelikweli. Nimeanza na harusi za 2017. Picha ya mzee mlangoni ilifika na nyota zake zote 5. Kreti ya soda ilikuwa imerudi, nikaikata upya.