Nililipia msaidizi kila muhula, mwanangu nikamkuta kibandani kwa askari

Naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kwanza. Watu wananiuliza sana: mtoto mwenye hali kama ya mwanangu, hapa Uganda, apelekwe shule ya binafsi au ya serikali? Kila mara najibu tofauti, kutegemea nimeamkaje. Leo nimeamka vibaya, kwa sababu nilikuwa napanga makaratasi ya nyumbani nikakutana na risiti ya ile shule.

Risiti ya njano, muhuri wa bluu. Mstari wa kwanza ada. Wa pili chakula. Wa tatu "maendeleo", ile pesa ambayo kila shule ya binafsi Kampala inaichukua na hujui kinachoendelea ni nini. Mstari wa nne, kwa mwandiko wa mhasibu mwenyewe: msaidizi wa mtoto, 250,000. Hiyo laki mbili na nusu niliilipa kila muhula, juu ya ada, juu ya rimu za karatasi, juu ya mifagio, juu ya karatasi za chooni zinazotosha hoteli.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Kwa wasioujua: akili yake ni nzima, tena kali, mwili ndio unaochelewa kutii. Mguu wa kulia ni mgumu, mkono wa kulia unatetemeka akishika kalamu, na maneno yanamtoka polepole. Kiatu chake chenye vyuma alitengenezewa Katalemwa, kituo cha watoto wenye ulemavu. Darasani hahitaji mashine yoyote. Anahitaji muda wa kumaliza sentensi, mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi, na choo chenye kitu cha kushikilia. Hayo niliyasema siku ya kwanza mbele ya dairekta wa shule, naye akatikisa kichwa kwa kila neno. "Mama Isma, hapa tunapokea watoto wote." Halafu ndipo akanitajia bei ya msaidizi.

Mwanzoni nilifurahi, nisiwadanganye. Mwalimu wa P2, yaani darasa la pili la msingi, alikuwa binti mdogo, mpole, aliyemkalisha Isma mbele na kumfungia penseli kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili isimteleze mkononi. Kitu cha bure kabisa. Muhula haukuisha mtoto akawa anasoma mabango ya barabarani kwa sauti tukiwa kwenye teksi, abiria wote wanageuka. Huyo binti aliondoka baadaye, nasikia mishahara ilikuwa inachelewa. Shule za binafsi hazikutangazii mwalimu akiondoka. Unampeleka mtoto Jumatatu unakuta sura nyingine mlangoni.

Shida ilianza P4, kwa sababu P4 iko ghorofani. Niliomba wabadilishane chumba na P1, ambao wako chini na wana miguu mizima ya kupandia. Jibu nililopewa, na sijaongeza neno: chumba cha P1 kimechorwa katuni ukutani na wazazi wapya wanapenda kukiona. Basi mtoto mwenye vyuma mguuni apande ngazi ili katuni zisisumbuliwe. Msaidizi je? "Yupo, mama." Anaitwa nani? "Wasaidizi wako kadhaa." Jioni nikamuuliza mwenyewe, nani anakushika kwenye ngazi? Akanionyesha pale sebuleni jinsi anavyopanda: anakaa, anajivuta, anakaa tena kidato cha juu. Ndipo nikajua kwa nini kaptula za sare zilikuwa zinatoboka nyuma.

Nilikwenda ofisini kwa upole. Nikaenda tena kwa upole kidogo. Nikaambiwa litashughulikiwa.

Sasa sikilizeni. Siku moja, muhula wa pili, kiatu kilikuwa kimerudi kutoka kwa fundi, nikaona nikipeleke shuleni mchana ili mtoto asirudi akiburuta mguu. Sikupiga simu. Getini nikakuta magari mengi, puto, spika inapiga muziki: ilikuwa siku ya wazazi wapya kutembezwa. Askari aliponiona akasita. Mimi ni mtoto wa kambini, nimekulia kambi ya jeshi ya Bombo, askari akisita mbele yangu najua kuna jambo. Nikamwambia, "Afande, kuna nini?" Akaangalia chini, akasogea pembeni.

Isma alikuwa ndani ya kibanda cha geti. Amekaa juu ya kreti ya soda, kitabu cha wageni kipo magotini, kalamu mkononi. Alikuwa anaandika namba za magari. Alifurahi kuniona! "Mama, leo mimi ndiye ninayeandika." Nikakiangalia kile kitabu. Ukurasa mzima, herufi kubwa zinazoyumba, U, kisha B, kisha namba zinazopanda na kushuka kama mchwa kwenye ukuta, lakini zote zinasomeka. Nje, gari la mgeni lilikuwa limesimama na honi inalia, na askari ameinua kiganja: ngoja, mtoto hajamaliza. Chapati ya askari ilikuwa imekatwa katikati, nusu kwake, nusu kwa mwanangu, juu ya gazeti.

"Mama, usinikasirikie mimi," akasema yule mzee. "Nimeambiwa akae hapa mpaka wageni waondoke."

Shule nzima, na walimu wake wenye tai, mtu pekee aliyempa mwanangu muda wa kumaliza kuandika alikuwa askari wa geti. Na sidhani kama aliionja hata shilingi moja ya zile laki mbili na nusu.

Nilipanda ofisini huku spika ikiendelea kupiga. Dairekta hakuona haya. Alikasirika kwamba nimekuja siku ya wageni. "Mama Isma, hii ni shule, si kliniki. Wazazi wengine wakiona wanaogopa, wanafikiri watoto wao watachelewa. Sisi tulikuwa tunamlinda." Nikauliza, msaidizi ninayemlipia ni yupi, nimshukuru. Kimya. Mhasibu ndiye aliyejibu, huku macho yake yako kwenye kompyuta: ile pesa inaingia mfuko wa jumla.

Mfuko wa jumla!

Nikawaambia, Katiba yetu ya 1995, ibara ya 35, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya heshima na utu wake. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza shule kumbagua mwanafunzi kwa ajili ya ulemavu wake. Mniwie radhi, siku hizi hizo ibara nazijua kuliko sala. Dairekta akanijibu bila hata kufikiri: "Hayo nenda kayaseme shule za serikali." Yaani sheria ya nchi inaishia kwenye ukuta wake. Nilimchukua mtoto siku ile ile, na pesa yangu mpaka leo sijarudishiwa. Kama nyota za kuipima shule zingekuwa zinaingia chini ya sifuri, hapo ndipo pa kuzitumia.

Basi nikaenda serikalini. Majirani walinicheka, kwa sababu mtu mwenye uwezo wa kulipa ada haonekani akimpeleka mtoto UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada. Mimi UPE naikumbuka inaanza, 1997, watoto wanne kwa kila familia, na kwenye hesabu hiyo mwenye ulemavu alitakiwa kutangulizwa. Pale kambini kulikuwa na nyumba za watoto tisa, zikawa kelele za nani aingie kwenye wanne. Lakini angalau mtu fulani, kwenye karatasi, aliwakumbuka watoto hawa kabla ya dairekta wangu kununua rangi ya katuni.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo asiyecheka. Swali lake la kwanza: "Anaandika kwa mkono gani?" Nilitaka kulia. Miaka yote kule nililipa, na swali hilo hakuna aliyeniuliza. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, benchi moja wanabanana watano, lakini Isma aliwekwa mwisho wa benchi, upande wa kulia, mkono wake usigongwe. Na kulikuwa na mwalimu mmoja aliyesomea elimu ya mahitaji maalumu pale Chuo Kikuu cha Kyambogo. Huyo alikuwa akimpa nusu ya hesabu wanazopewa wengine, na zilizobaki anamuuliza kwa mdomo wakati wenzake wanacheza nje. Hakuna mstari wa nne kwenye risiti. Nilikuwa nalipa pesa ya uji na posho, yaani ugali, tu, kwa sababu chakula sheria imemwachia mzazi. Kipindi hicho mngeniuliza ningetoa nyota tano na ningewatukana wanaolipa ada.

Halafu mwalimu akahamishwa.

Hivyo hivyo tu. Barua ya uhamisho, wilaya nyingine, na mkuu akasema hana la kufanya. Nafasi yake kwenye hesabu ikachukuliwa na mtu wa fimbo. Ndiyo, najua, viboko shuleni vimepigwa marufuku na sheria ya watoto ya 2016, mwambieni yeye. Alimchapa Isma kwenye mkono ule ule unaotetemeka, eti mwandiko mbaya. Nilikwenda, na siku hiyo upole niliuacha nyumbani. Akasema ana watoto mia na kumi, hawezi kujua nani ana nini. Nikakosa jibu kwa dakika nzima, maana kuhusu mia na kumi alikuwa anasema kweli. Nikalipata: mtoto anavaa vyuma mguuni, baba, unahitaji darubini?

Na choo. Kule binafsi, pamoja na laana zangu zote, kulikuwa na choo cha kukaa. Huku ni shimo, unachuchumaa, hakuna pa kushika, na mtoto asiye na mguu wa kutegemea ataanguka. Isma akaacha kunywa maji asubuhi ili asije akahitaji kwenda. Mjomba wake akanunua bomba la chuma na mfuko wa saruji, akalisimika mwenyewe Jumamosi kwa ruhusa ya mkuu. Halikukaa. Watu waliling'oa wakaliuza skrapu. Hebu niambie, mtu anaingia usiku kwenye choo cha shule, anang'oa kishikio cha mtoto mlemavu, anakwenda kukipimisha kilo! Mjomba akarudi na gogo la mkaratusi. Gogo halina bei, limebaki.

Kwa hiyo zile nyota tano zifuteni. Kuna wiki niliwaza kumrudisha binafsi, shule nyingine, yenye choo na darasa la watoto thelathini. Nilipita kuuliza kwenye mbili tatu. Moja walitaka kumwona "jinsi anavyotembea" kabla ya kunipa fomu. Nyingine walikuwa na bei ya msaidizi tayari imechapishwa. Nikageuza.

Kinachonikaa rohoni sasa ni P7, ambayo ni mwakani. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni mitihani minne kwa siku mbili, na UNEB, baraza la mitihani la taifa, wanampa mtahiniwa mwenye hali kama hii muda wa ziada, na asiyeweza kuandika huwekewa mtu wa kumwandikia. Utaratibu upo, unafanya kazi, watoto wanautumia kila mwaka. Lakini ni shule ndiyo inayotakiwa kusema wakati wa usajili kwamba nina mtoto wa namna hii. Isiposema, Isma atakaa Novemba na karatasi ile ile na saa ile ile ya wenzake, na nusu ya majibu yatabaki kichwani mwake. Nasikia kwa wazazi wa ile shule ya katuni kwamba mtoto anayeonekana ataharibu hesabu ya Divisheni Wani, daraja la juu kabisa la ufaulu, anashauriwa kwenda kusajiliwa kituo kingine, ili bango la getini libaki zuri. Huku hakuna bango. Hilo nawapa.

Kwa wanaotaka nyota tu: ile ya binafsi naipa moja, na ni ya askari, dairekta asiiguse. Ya serikali naipa tatu. Mbili. Tatu, kwa ajili ya lile swali la mkono.

Wiki iliyopita nilimfuata mkuu kuhusu fomu ya UNEB. Akasema, "Bado mapema, Mama Isma." Nikamwambia mapema ndiyo saa yangu. Nimemwachia barua ya daktari nakala moja, nyingine nimempa naibu wake, ya tatu ninayo kwenye pochi, na usajili ukifunguliwa nitakuwa pale kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka nilione jina la Isma na alama ya muda wa ziada pembeni yake.