Sifuri yao si sifuri: uzoefu wangu na kihisi cha nguvu

Niandike kabla sijapoa. Kile kihisi cha nguvu, wengine mnaita sensa (sio ile ya kuhesabu watu), kilichonunuliwa kwa bei ya gari la mtumba, sikitaki tena. Leo angalau sikitaki.

Huku Marekani tunakusanya data za upasuaji wa roboti kwa mikono ya da Vinci, roboti ya upasuaji, ya zamani iliyostaafishwa. Data za JIGSAWS za 2014, ambazo wengi wa fani hii wameanza nazo, zina video na mienendo ya mikono ya madaktari 8, vipimo 30 kila sekunde. Nguvu haimo. Ndiyo maana tukanunua hicho kidude: kinakaa chini ya kipande cha silikoni, daktari anashona juu yake, chenyewe kinasema uzi umevutwa kiasi gani.

Kinasema uongo. Unakiweka sifuri, unakwenda kunywa chai, ukirudi kinasoma karibu nusu nyutoni na hakuna hata nzi aliyetua. Kikipata joto kinapanda mwendo wa kinyonga. Kuna siku daktari bingwa alitoa saa yake ya chakula, akafunga mafundo 10 safi, akainua kichwa: "Umeyapata?" Nikasema ndiyo. Na grafu naiona inapanda hata pale alipoachia uzi!

Nikaiandikia kampuni, grafu nikaambatisha. Jibu mstari mmoja: msimamizi wako atuandikie mwenyewe. Yaani mimi mtoto? Profesa akawaandikia, nadhani alinakili tu maneno yangu, wakamjibu siku hiyohiyo kwa heshima zote: kiwasheni saa nzima kabla ya kupima, kizoee joto lake. Basi! Wangeniambia mimi, mafundo ya yule daktari yasingepotea.

Juzi nimekiwasha alfajiri, nikakiacha, kisha nikashona mwenyewe, vibaya. Jamani. Kila nilipokaza fundo mstari ulichomoka juu, nikiachia unarudi sifuri, kimya. Roboti ile haimpi daktari hisia yoyote mkononi, anakadiria kwa macho jinsi uzi unavyokaza. Mimi nilikuwa naiona nguvu yenyewe. Nilitazama ile grafu mpaka chai ikapoa.

Nyota 4. Hapana, 3, maana kebo nayo imeanza kulegea, na sina uso wa kumwomba profesa aandike tena.