CG125 ya zamani mbele ya mkaguzi: injini inafaulu, nyaya ndizo zinazoangusha

Honda CG125, pamoja na ndugu zake wa Kichina wenye injini ya muundo uleule waliojaa Tanzania, ni pikipiki nyepesi kuandaa kwa ukaguzi wa trafiki hata ikiwa imekula miaka 15 barabarani. Kasoro yake ni kwamba humdanganya mwenye nayo. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikikaribia, watu hukimbilia kufungua injini na kubadilisha ringi, kisha wanakosa stika ya ukaguzi kwa sababu ya taa ya breki.

Umeme ndio udhaifu wake mkubwa. Kwenye CG nyingi taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za magineti (zinazozalisha umeme injini ikizunguka), haipitii betri. Betri inaweza kuwa imekufa kabisa na taa kubwa bado ikang'aa ukipiga resi, huku honi inakohoa na indiketa zinawaka tu bila kupepesa. Kwa hiyo usiipime pikipiki hii kwa taa kubwa. Weka mita kwenye betri: injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma kama volti 12.5, ukipandisha resi inapaswa kufika 14 na kitu. Ikiganda kwenye 12, tazama koili ya kuchaji na rektifaya, kifaa kinachonyoosha na kudhibiti umeme unaokwenda kwenye betri. Ikivuka 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, na utaendelea kununua globu kila wiki ukimlaumu muuza duka.

Indiketa za upande mmoja zikibadili mwendo wa kupepesa, globu moja imeungua au ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha pikipiki) ni mbovu. Ethi ya taa za nyuma hupita kwenye chuma cha madigadi, na kutu hukaa palepale taa inapofungwa. Fungua, kwangua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga tena. Ukiona bado, vuta waya wako mwenyewe kutoka kwenye taa hadi kwenye chesisi. Ni mita moja ya waya tu, na inamaliza usumbufu wa miaka.

Taa ya breki ina swichi mbili, moja kwenye mkono wa breki ya mbele na nyingine yenye springi kwenye pedali. Mafundi wengi hurekebisha ile ya pedali kwa kuizungusha yenyewe, nyaya zinajisokota na kukatika ndani. Shika mwili wa swichi usigeuke, zungusha nati peke yake. Angalia pia globu ya nyuma, 21/5W: pini zake hazilingani kimo kwa makusudi. Ikilazimishwa kuingia kinyume, taa ya usiku inawaka kali muda wote na ukikanyaga breki hakuna tofauti ya maana.

Breki za dramu za CG zina kitu ambacho pikipiki za bei kubwa zingetamani: kishale kwenye ekseli ya kamu (inayosukuma breki shuu) na alama kwenye sahani ya breki. Kanyaga hadi mwisho. Kishale kikigusa alama, breki shuu zimekwisha. Usiongeze kukaza nati ya fimbo, na usihamishe mkono wa kamu jino moja mbele ili kupata nafasi. Ujanja huo huficha uchakavu mpaka siku kamu inapinduka na breki inagoma kuachia. Ukibadilisha shuu, beba za zamani hadi dukani kwa sababu dramu zinatofautiana kipenyo, paka grisi kiduchu sana kwenye kamu, na acha mchezo wa milimita 20 hadi 30 kwenye pedali. Vumbi la ndani lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Shuu mpya hazishiki sawasawa siku ya kwanza, kwa hiyo usizifunge asubuhi ya ukaguzi.

Kisha stelingi, yaani usukani. Simamisha kwa stendi kubwa, weka gogo chini ya injini tairi la mbele lielee. Shika shokapu kwa chini, vuta na sukuma: ikicheza, nati ya juu imelegea. Zungusha usukani polepole: ikiingia kama kwenye kishimo pale katikati, vikombe vya gololi vimechimbika. Mashimo ya barabara hupiga usukani ukiwa umenyooka, ndiyo maana huliwa hapohapo. Kukaza hakuponyi, badilisha vikombe na gololi zote kwa pamoja. Tairi la nyuma nalo livute kushoto na kulia, maana bushi za swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) zikiisha pikipiki hutikisika mkia ukipakia abiria.

Tairi: upepo psi 25 mbele na psi 28 nyuma kwa mtu mmoja, spoki zigongwe kwa spana, ile yenye sauti ya debe imelegea. Cheni icheze kama sentimita 2.

Na injini? Nafasi ya tapeti (uwazi juu ya vali) ni 0.08 mm, zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye magineti imesimama mahali pake na vali zote zimefungwa. CG hupiga kelele kidogo ya tapeti kwa asili yake. Anayezikaza ili inyamaze anaunguza vali ya eksozi. Oili ni kama lita moja, na usisahau chujio la wavu chini ya injini, halinunuliwi, linaoshwa. Salensa iliyotoboka izibwe kwa kuchomelea, na gasketi ya mdomo wa eksozi iwe mpya, kwani iliyochakaa inavuja sauti kuliko tundu lenyewe.

Kwa urahisi wa kutengeneza, CG inastahili sifa zote. Kwa nyaya, haistahili. La mwisho kabla ya kutoka nyumbani ni brashi na mafuta ya taa: sugua namba ya chesisi kwenye shingo ya stelingi na namba ya injini ubavuni kushoto, zisomeke na kulingana na kadi bila mkaguzi kupiga magoti.