Bima ya Mbwa Nakuru: Bei Naikubali, Kifungu cha Sumu Sikitaki

Jamani, karibuni. Niko nyumbani Kiamunyi, Nakuru, vumbi limepamba moto, kwa hiyo nikipiga chafya mnivumilie. Maikrofoni ni mpya, asanteni mliochangia. Leo nachambua bima. Si ya gari, ni ya mbwa. Mwenyewe ni huyu hapa, Bosko. Bosko, jitokeze wakuone. Haya, amekataa.

Bima ni nini mnajua, sitapoteza muda. Hii ni ya mwaka mmoja, shilingi 9,600, unalipa kwa M-Pesa. Ukomo wa matibabu ni 100,000. Kuibwa kumo, kugongwa na bodaboda kumo, akimng'ata mtu pia kuna kitu kidogo. Kampuni siitaji, msinisumbue kwenye komenti.

Sasa twende ukurasa wa nne. Nausogeza kwenye kamera... mnaona herufi zilivyo ndogo? Kifungu cha sumu. Nasoma: "Mwenye bima atatoa taarifa ndani ya saa 48 tangu tukio." Tangu tukio! Hapo ndipo waliponichemsha.

Nifuateni huku nyuma. Ule ukuta ni wa jirani, na jirani ana ghala la mahindi, na penye mahindi pana panya, na penye panya pana sumu. Tuseme Jumatatu usiku Bosko amepata vile vitofali vya rangi akavitafuna. Jumanne anakula kama kawaida, anabwekea wapita njia. Jumatano vilevile. Kwa nini? Kwa sababu sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Zinauzuia mwili kutumia vitamini K, na bila hiyo damu haigandi. Akiba iliyokuwa mwilini ndiyo inayomsukuma siku tatu, nne, hata tano. Ikiisha, anaanza kuvuja damu kwa ndani.

Bosko, njoo. Kaa. Kaa! Nainua mdomo hivi. Fizi zake ni za waridi, mnaziona? Nabonyeza kwa kidole, panakuwa peupe, naachilia... rangi imerudi, hata sekunde mbili hazijafika. Mbwa aliyekula ile sumu, ikishamwingia, fizi zinapauka, analegea, anakohoa, pengine anatokwa damu puani au choo kinakuwa cheusi. Hiyo ni Alhamisi au Ijumaa. Unamkimbiza kwa daktari wa mifugo, anaanzishiwa vitamini K1, na dawa hiyo ni ya wiki kadhaa, si sindano moja mkarudi nyumbani. Bili inapanda. Unampigia wakala, naye anafungua kalenda: tukio Jumatatu, saa 48 ziliisha Jumatano. Kwaheri.

Nilimuuliza wakala jambo hili. Akaniambia, "Lakini madam, si utamwona akila?" Nitamwona vipi na mchana kutwa niko kazini mjini? Na sumu huliwa usiku! Nikamwomba waandike "tangu dalili kuonekana". Maneno matatu tu. Anasema ataulizia makao makuu. Hadi narekodi hii video, makao makuu bado wanafikiria.

Kuna jingine kwenye ukurasa huohuo: hawalipi kama mwenye mbwa "hakuchukua tahadhari inayostahili". Hiki, nikisema kweli, mwanzoni nilikichukia, lakini nikizunguka hii bustani naona wana hoja. Tazameni chini ya mwavokado. Kokwa hizi zote! Mbwa akimeza moja inakwama utumbo, na hapo ni upasuaji. Huyu wangu anazipenda mno. Halafu kile kichaka pale, maua yanaanza zambarau, yanafifia, yanaishia meupe, wauza miche wanakiita jana-leo-kesho. Mtaa wa Milimani kila geti la pili linacho. Mbegu zake zinamtia mbwa degedege. Changu kinang'olewa Jumamosi hii.

Mmeniandikia sana kuhusu paka. Paka wangu, Kadogo, hana bima, kwa sababu kampuni hii inakata ya mbwa peke yake. Lakini usalama wake nautafuta hapa bustanini. Kwanza, lili. Chavua ikimwangukia manyoya akajilamba, figo zinaweza kufa ndani ya siku chache, hata yale maji ya chombo cha maua ni hatari. Ukiletewa shada na mtu wa Naivasha, waridi weka, lili mrudishie. Pili, ile dawa ya kupe ya ng'ombe mnayowapaka mbwa na paka kwa sababu ni rahisi: acheni. Ukiona jina paemethrini, kemikali ya kuua wadudu, kwenye chupa, paka asiiguse kabisa. Tatu, vipande vya chupa juu ya ukuta. Mwizi anaweka gunia anapita, paka ndiye anayepasuka nyayo. Mimi nimeviondoa nikaweka wavu ulioinamia ndani. Akipanda, wavu unamrudisha chini.

Binamu yangu yuko London, si London yetu ya hapa Nakuru, ile ya Uingereza. Paka wake ana bima ya matibabu ya maisha yake yote, ugonjwa wa sukari unalipiwa mwaka hadi mwaka, na kule England tangu Juni 2024 paka wa nyumbani sharti awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Bei aliyonitajia sitaitaja, mtazimia. Lakini msidhani sisi hatujui bima za wanyama. Ule mpango wa serikali ulioanza 2015 Wajir na Turkana ulikuwa unatumia setilaiti kuangalia malisho. Yakikauka, mfugaji analipwa bila kujaza fomu ya ng'ombe mmoja mmoja. Ngamia anatazamwa kutoka angani, Bosko anadaiwa kadi ya chanjo yenye muhuri!

Kadi yenyewe siipingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, na bila hiyo hata hawakusikilizi.

Pesa sasa. Shilingi 5,000 za kwanza unabeba mwenyewe kila unapodai. Bili ikiwa 6,500, unarudishiwa 1,500. Kwa hiyo tumbo la kuhara na kupe msitegemee bima, wekeni akiba. Hii ni ya mfupa uliovunjika na upasuaji. Kwa hayo, 800 kwa mwezi nalipa, na nimeshalipa, ingawa sumu imenichefua. Ningekuwa na ghala la mahindi kila upande, nisingelipa hadi wabadilishe.

Video ijayo ni ya ule wavu, gharama na fundi. Wewe uliyekata kwa kampuni nyingine, fungua mkataba wako sasa hivi, tafuta saa zinaanza kuhesabiwa lini, uniandikie hapo chini.